Mara Tano Tu: Droo ya Diski ya Banda Letu la Video, Koboko

Ilianza siku ya Jumamosi, saa nane na dakika ishirini mchana. Dakika nazijua kwa sababu mashine ilipowaka, kitu cha kwanza ilichoonyesha ni saa, na saa hiyo ilikuwa ya kweli. Saa ya ukutani ya Shangazi Joyce haijawahi kuwa ya kweli tangu niijue.

Poni, daftari hili nakuachia wewe kwa sababu wewe ndiye utakayekaa kwenye kiti changu kuanzia wiki ijayo. Juzi uliniuliza, "Pale nyuma ya pazia unafanya nini hasa?" nikakujibu, "Nabonyeza tu." Unanijua. Mbele ya mtu maneno yananikimbia, nikishika kalamu yanarudi yenyewe. Shangazi anacheka kwamba mtu wa miaka kumi na saba anasema anastaafu, lakini miaka miwili ya kila Jumamosi, kila Jumapili na likizo zote ni kazi, hata kama hakuna aliyekupa kitambulisho. Sasa narudi kwetu Manibe, niingie kidato cha tano mjini Arua, na mashine inabaki nawe.

Siku hiyo ya kwanza ililetwa kutoka Arua imefungwa ndani ya blanketi kama mgonjwa. Shangazi aliinunua kwa Fundi Anguyo baada ya deki yetu ya pili kufa kwa vumbi. Fundi Anguyo zamani alikuwa mpiga redio jeshini, na Kiswahili chake mpaka leo kinatembea kwa gwaride. Aliiweka mezani nyuma ya pazia, akaunganisha waya wa projekta, akanitazama mimi kwa sababu ndiye niliyekuwa karibu.

"Wewe mutoto, unajua kompyuta?"

"Ya shule."

"Ya shule iko na kitufe kule chini kushoto, unabonyeza, kila kitu natoka. Hii hapana. Hii naitwa Linux. Iko bure, na hapana shika virusi ya flash ya kila mutu. Lakini iko na tabia."

"Tabia gani?"

"Ikikataa, nasema sababu. Mukubwa wa jeshi akikataa, hapana sema sababu. Kwa hiyo wewe, ikikataa, usipige. Soma kwanza."

Hayo ndiyo mafunzo yangu yote, na yalichukua muda wa kikombe kimoja cha chai. Alinionyesha pia dirisha jeusi la kuandikia amri, akanifundisha neno eject, ambalo ukiliandika droo ya diski inafunguka bila kuguswa. Kwa wiki nzima watu wa soko walikuja kutazama droo tu, filamu hawana haja nayo.

Sasa lazima nikueleze kosa langu, maana bila hilo hutaelewa kwa nini mashine unayoipokea iko hivi ilivyo.

Diski ni za aina mbili. Kuna za kuchoma, zile nyeupe zenye jina la kuandikwa kwa kalamu, ambazo zinacheza popote. Halafu kuna za boksi, zilizotoka kiwandani. Hizo Shangazi anazipata kwa wafanyabiashara Wakongo wanaopita hapa, ambao wanatumiwa diski hizo na ndugu zao walioko Ulaya. Picha zao hazina madoa, na ndiyo maana onyesho la Jumapili ni la diski za boksi. Sabiri, vijei wetu, ndizo anazozipenda. Wewe umemsikia: anakaa mbele na maikrofoni, anasimulia filamu kwa Kiswahili juu ya sauti ya wazungu, na pale wazungu wanapokaa kimya yeye anawapa la kusema.

Diski ya boksi ya kwanza niliyoiweka ilikataa. Yalitokea maandishi ya mistari miwili. Sikuyasoma. Nilikuwa nimeona kwenye simu ya Sabiri kwamba dunia imegawanywa kwa namba, Amerika moja, Ulaya mbili, huku kwetu tano, na kwamba diski ya boksi ina namba yake na droo nayo ina namba yake, zikitofautiana hazielewani. Nikajiona mjanja. Nikaweka tano. Ikakataa. Nikaweka moja, ikakataa. Nne, ikakataa. Mbili, ikakataa, na safari hii mashine ikaongeza mstari ambao niliusoma: umebakiwa na mara moja.

Droo ile, Poni, inakubali kubadilishwa mara tano tu katika maisha yake yote. Ya tano ikipita, namba inabaki hapo mpaka droo ife. Nilitoa mkono kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

Shangazi akauliza kuna nini. Nikasema, "Droo ya Fundi ni mbovu."

Alimpigia Fundi Anguyo simu na kumwita mwizi mbele ya wateja. Mimi nilikuwa nimesimama hapo nikila muhogo. Kesho yake Fundi akaja mwenyewe kutoka Arua, akaweka diski, akasoma ile mistari miwili kwa sauti. Ilikuwa inasema kwamba diski imefungwa kwa kufuli na mashine haina programu ya ufunguo. Basi. Akaiunganisha na mtandao wa simu yake, akavuta hiyo programu, na filamu ikacheza. Namba mbili niliyoiacha mwishoni ndiyo iliyokuwa ya diski hizo za Ulaya, kwa hiyo zote za boksi zikaimba.

"Droo yangu iko muzima," akamwambia Shangazi, akanywa chai, akaondoka. Kuhusu zile mara nne sikumwambia yeye wala Shangazi. Niliogopa kurudishwa Manibe.

Baada ya hapo kazi ilinoga, na yale niliyojifunza ni haya. Diski chafu ioshe kwa maji na sabuni kidogo, uifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Iliyochubuka unaweza kuipaka dawa ya meno. Inasaidia mara moja kati ya tatu na banda zima linanukia kama mtu aliyeamka sasa hivi. Umeme ukikatika diski ikiwa ndani, neno eject halina nguvu tena, ila mbele ya droo kuna tundu dogo la kuchomeka pini. Hilo nililijua siku ya wenye harusi waliokuja kutazama video yao. Wakwe wote wamekaa, umeme ukaenda, diski moja tu duniani iko ndani ya droo. Dada wa bwana harusi alivua pini ya hijabu yake akanipa, akasema, "Shika, lakini ukiipoteza, naondoka na wewe badala yake." Pini niliirudisha. Kwa aibu nilipita pembeni ya benchi nikainama kana kwamba nimeiba mimi.

Kuhusu Sabiri: akiinua mkono wa kushoto anataka kukohoa, simamisha picha. Akiinua wa kulia amesahau jina la mhusika, usifanye kitu, atampa jina jipya. Mimi ananiita Injinia. Mwanzoni nilidhani ananicheka.

Sasa Mama Keji.

Wewe unamjua kwa simsim ya kusaga anayouza sokoni. Ni mtu wa Dranya. Binti yake Keji aliolewa na kijana ambaye ukoo wake wa wakimbizi ulipelekwa Amerika, naye akamfuata. Kabla hajaondoka, bodaboda ilimwangukia kwenye barabara ya Arua, mguu wa kushoto ukavunjika kifundoni. Ulipona vibaya. Alikuwa anatembea kwa vidole, kisigino hakifiki chini, na ndivyo alivyopanda ndege. Huko walimpasua. Tangu hapo kwenye simu anasema amepona, lakini simu ya picha inaonyesha uso tu. Mama yake akimwambia, "Shusha simu nione mguu," anasema kesho. Kesho hiyo ina miaka mitatu.

Wiki iliyopita Mama Keji aliingia bandani na diski ya boksi ameifunga kwenye leso.

"Mwanangu iko ndani ya hii filamu," akasema. "Yeye nafanya kazi ya usafi hospitali kubwa kule. Watu wa filamu walikuja, wakasema wewe na kigari yako pita hapa nyuma. Akapita. Ameniletea kwa mikono ya jamaa."

Sabiri akasema, "Eh, Mama Keji! Umezaa staa na hukutuambia!"

"Staa nafanya nini na mimi? Nataka kuona anatembea namna gani."

Alikuwa ameshajaribu deki mbili za majirani. Moja iliitema, nyingine iliandika kitu asichokijua. Mtandaoni Sabiri alitafuta, haikuwepo. Ni filamu ndogo, hata huko kwao nadhani hawaijui. Nikaiweka kwenye mashine yetu. Ikakataa, na safari hii nilisoma. Diski ilikuwa namba moja. Droo yetu mbili.

"Iko na ugonjwa gani?" Mama Keji akauliza.

Nikasema, "Kesho, Mama." Maneno yaliponitoka nikasikia ni yale yale ya Keji.

Dawa niliijua: ile mara ya tano. Lakini nikiitumia, droo inakuwa ya Amerika moja kwa moja, na diski zote za Ulaya za Shangazi, yaani Jumapili zetu zote, hazitasoma tena. Uamuzi huo si wangu. Na ili nimwombe Shangazi mara ya tano, lazima nimweleze zile nne zilikwenda wapi. Nilijifanya naosha diski mpaka Ijumaa. Mama Keji kila siku anachungulia mlangoni, anaangalia tu mikono yangu.

Ijumaa mchana Shangazi alikuwa anachambua mchele.

"Shangazi, droo inabadilishwa namba mara tano tu."

"Sawa."

"Imebaki mara moja."

"Zile nne alitumia Fundi?"

Nikatikisa kichwa kukataa.

Akaweka ungo chini. "Ile siku mimi nilimuita Fundi mwizi."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na wewe ulikuwa hapo."

"Ndiyo."

"Unakula muhogo yangu."

"Ndiyo, Shangazi."

Hakunipiga wala hakupaza sauti; angefanya hivyo ingekuwa nafuu. Alichukua simu, akapiga, akaniwekea sikioni. Mimi simu yenyewe naiogopa, na sasa nilitakiwa kumwambia mzee wa watu kwamba nilimsingizia. Nilisema yote kwa pumzi moja. Upande wa pili nikasikia kicheko.

"Mimi najua tangu siku ile! Nilifungua, nikaona nne imekwenda. Nikasema, wacha, mutoto atasema mwenyewe. Miaka mbili! Hata mateka wa vita anasema mbele ya hapo."

Shangazi akachukua simu akaenda nayo nje. Alichomwambia sijui, ila alirudi macho yake yamekuwa mapole na akarudi kwenye mchele.

"Sasa Jumapili watu wataona nini?" akauliza. Haikuwa kwangu, ilikuwa kwa mchele. Nikamwambia kwamba naweza kunakili filamu nne ndani ya mashine kabla ya kubadilisha, zaidi ya hapo haina nafasi. Na droo nyingine ya aina hii Fundi amesema si kitu cha leo wala kesho.

Akachambua mpaka ungo ukaisha. "Ule mguu wa Keji mimi nilikaa naye kuukanda na maji ya moto," akasema. "Mwezi muzima. Alikuwa anauma leso asipige kelele. Na mimi nataka kuona. Badilisha."

Filamu nne za kunakili alichagua Sabiri, na aligombana na Shangazi kwa siku mbili juu ya ya nne. Jumatano jioni niliandika namba moja. Mashine ikaniuliza kama nina uhakika. Nikajibu ndiyo.

Tulionyesha Alhamisi, saa nne asubuhi, saa ambayo soko limetulia. Hatukutangaza, lakini wanawake wa simsim na wa samaki walijaza benchi mbili za mbele, mabeseni miguuni. Keji alikuwa amemwambia mama yake mahali penyewe: dakika ya arobaini na moja, korido, nguo ya kijani.

Nikasema kutoka nyuma ya pazia, "Mama, naweza kwenda hapo moja kwa moja."

"Anza mwanzo. Nataka kujua ni watu gani anafanya kazi nao."

Tukaanza mwanzo. Ilikuwa hadithi ya daktari mmoja na mapenzi yake, na Mama Keji hakumpenda tangu alipoingia. "Huyu ni mulevi," akasema. "Angalia macho. Atamgonga mtu na ile gari." Sabiri akajaribu kumtetea, wanawake wakamzomea.

Dakika ya arobaini na moja daktari alisimama koridoni akibishana na mwenzake, na nyuma yao, mbali kidogo, akapita mtu wa nguo ya kijani anasukuma kigari. Sekunde nne. Labda tano. Sabiri hakupoteza hata moja. Alibana sauti, akawa msichana: "Mama! Mimi hapa! Nakula vizuri, mguu umepona kabisa, salimia watu wote wa soko, na yule Sabiri mwambie aoe!"

Banda likalipuka. Mwenye samaki alipiga beseni lake kama ngoma. Mama Keji peke yake hakucheka.

"Sabiri, mwanangu, nyamaza kidogo," akasema. "Hayo na yeye ananiambia kila wiki. Rudisha."

Nikarudisha sekunde kumi. Akapita tena.

"Polepole iko?"

Iko, Poni, na hiki ndicho kitufe cha thamani kuliko vyote, nimekichorea alama nyekundu. Nikapunguza mwendo. Sauti ya daktari ikavutika ikawa kama ya ng'ombe, nikaizima. Kukawa na ngurumo ya jenereta ya jirani tu. Hatua ya kwanza daktari aliiziba kwa bega. Ya pili mguu wa kulia. Ya tatu, mguu wa kushoto, Mama Keji akasema, "Simamisha."

Kuna kitufe kingine kinachosogeza picha moja moja. Nilikibonyeza kwa kidole kimoja. Mama Keji aliondoka kwenye benchi, akaenda mpaka ukutani, akapiga magoti pembeni ili kivuli chake kisizibe, akaweka kidole kwenye shuka la kuonyeshea picha, chini kabisa ya mguu wa mwanawe.

"Ongeza."

Picha moja.

"Ongeza."

Picha moja. Kiatu cheupe kikashuka, nyuma kwanza.

"Kisigino iko chini," akasema. Akageuka akamtafuta Shangazi kwa macho. "Joyce. Kuja uone. Kisigino iko chini."

Shangazi akaja akainama naye. Walitazama kiatu kile kama watu wawili wanaosoma barua. "Mguu bado mwembamba," Shangazi akasema. "Mwembamba, ndiyo," Mama Keji akasema, "na bega anaegemea kile kigari, naona. Hajapona kabisa, ananidanganya. Lakini mguu nakanyaga. Nakanyaga kama mutu." Wanawake wakapiga vigelegele. Aliniambia nirudishe mara saba, nami nilizihesabu. Ya saba alikaa hapo hapo chini, akafuta uso kwa ile leso.

"Sasa endelea," akasema. "Nione huyo mulevi anaishia wapi."

Sabiri akashika maikrofoni tena, safari hii kwa adabu, na daktari akagonga mtu na gari.

Asubuhi iliyofuata, ambayo ni leo, nilifungua banda mapema nikatoa sanduku la diski za boksi. Nilitaka uzipokee zikiwa zimepangwa, usije ukaaibika Jumapili mbele ya watu. Niliweka moja moja, nikasubiri, nikasoma mashine inasema nini, na kila iliyokataa nikaitia alama ya X kwa kalamu nene juu ya boksi lake. Shangazi alikaa kwenye benchi akinihesabia kwa vidole, mpaka vidole vikaisha akaacha. Nilipofika ya kumi na nne Mama Keji alipita nje akienda sokoni, beseni kichwani. Hakuingia. Alisimama mbele ya mlango mpaka nikainua macho, akapiga hatua tatu ndefu hapo barabarani, kisigino, kidole, kisigino, kidole, beseni halikutikisika, akaendelea na safari yake. Nikatia X kwenye ya kumi na nne, nikafungua droo, nikaweka ya kumi na tano.